Nimepewa rufaa ya kliniki ya moyo, naogopa kunyang'anywa usukani

SWALI

Dada mshauri, salaam na pole kwa kazi.

Mimi ni mwanaume wa miaka 49, mkazi wa Iringa, nina mke na watoto wanne. Ni dereva wa lori. Napakia Dar es Salaam, nashusha Tunduma, na mara nyingine navuka hadi Zambia. Kazi hii ndiyo iliyonijengea nyumba na ndiyo inayolipa ada za watoto, na mkubwa sasa yuko chuo.

Tangu kiangazi kilichopita kifua kinanibana. Si maumivu ya kuchoma. Ni uzito unaokaa katikati ya kifua na kupanda hadi kwenye taya. Unakuja nikipanda juu ya mzigo kufunga turubai au nikibadilisha tairi, na nikitulia kidogo unaondoka. Nilidhani ni vidonda vya tumbo, nikawa nakunywa dawa za tumbo. Utingo wangu ndiye aliyenishtua. Tulikuwa Makambako usiku, baridi imekaza, akaniambia, "Mzee, mbona unatoka jasho?"

Nikaenda hospitali. Presha ilisoma 168/102. Wakanipima na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, nesi akasema iko vizuri, nikafurahi. Lakini daktari akaniandikia barua ya rufaa kwenda kliniki ya moyo, na tarehe yangu ni mwezi ujao. Nilipomuuliza kama ECG ni safi rufaa ni ya nini, alinijibu, "Nenda ukapimwe zaidi," kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Hapo ndipo nilipokwama. Kuna dereva mwenzetu alienda kliniki ya moyo, tajiri wake akapata habari, na aliporudi akakuta gari amepewa mtu mwingine. Tajiri wangu si mtu mbaya, lakini sina mkataba wa maandishi, tumefanya kazi kwa kuaminiana miaka yote hii. Na mtaani kwetu kuna mzee aliingia hospitali kwa miguu yake, akarudishwa maiti, watu wanasema alipasuliwa moyo.

Kwa sasa nakunywa vidonge vya presha alivyonigawia mama mmoja jirani. Navinywa nikisikia kichwa kinagonga. Safarini natumia vinywaji vya kuongeza nguvu ili nisisinzie, na diklofenaki kwa ajili ya mgongo.

Kuna jambo jingine ambalo ni zito kwangu kuandika. Nguvu zangu za kiume zimepungua, kwa hiyo huwa nanunua vidonge nikiwa Tunduma. Mke wangu hajui. Sasa ameng'ang'ania kunisindikiza kliniki. Nikimkatalia atajua namficha kitu, nikimkubalia daktari ataniuliza dawa ninazotumia mbele yake.

Naomba unisaidie. Niende, au nisubiri msimu wa mizigo upite? Nimwambie tajiri? Mke aingie? Na huko kliniki wanamfanya mtu nini hasa?

Dereva, Iringa

JIBU

Kaka yangu, pole sana. Pole ya kifua, na pole ya kubeba jambo hili peke yako barabarani usiku. Nashukuru umeandika hata lile lililokuwa zito kwako, kwa sababu, kama utakavyoona, huenda ndilo lenye uzito kuliko yote kitabibu.

Nikikusoma vizuri, tatizo lako si kwamba hujui kama unaumwa. Unajua. Kinachokusumbua ni kwamba kila mlango unaoutazama unaona una hasara nyuma yake: ukienda utapoteza gari, usipoenda utapoteza afya, mke akija siri itafichuka, asipokuja imani itaingia doa. Tuifungue mmoja mmoja, maana naona baadhi ya hasara hizo umezipokea kutoka kwa watu bila kuzikagua.

Nianze na ile ECG. Nilikuwa nesi kabla ya kuandika safu hii, na nimeona wagonjwa wengi wakirudi nyumbani na karatasi safi ya ECG wakiamini wamepona. ECG inasoma umeme wa moyo kwa sekunde chache, wewe ukiwa umelala kimya kitandani. Ni sawa na lori lililosimama Ruaha Mbuyuni injini ikinguruma vizuri: hilo halikuambii litapandaje Kitonga likiwa na mzigo. Kifua chako hakibani ukilala. Kinabana ukifunga turubai. Uzito katikati ya kifua, unaopanda tayani, unaokuja na kazi na kuondoka ukipumzika, ni dalili ambayo daktari yeyote anayejali lazima aifikirie kuwa huenda mishipa inayolisha moyo imepungua nafasi. Huenda siyo, nami siwezi kukupima kwa barua. Ila sasa unaona kwa nini daktari aliandika rufaa hata baada ya ECG kutoka vizuri. Alipaswa kukueleza hivyo, na inasikitisha kwamba hakupata dakika mbili za kufanya hivyo.

Sasa huko kliniki. Watu wengi wanaposikia "kliniki ya moyo" wanaona kisu. Ukweli ni kwamba siku ya kwanza kwa kawaida ni ya kuulizwa, kusikilizwa kifua na kupimwa. Utafungua faili, utapimwa uzito na presha. Hapo kwenye presha uwe mkali kidogo kwa faida yako. Ukifika ukihema, omba ukae kama dakika tano kwanza. Egemea kiti, miguu yote miwili iguse sakafu, usiikunje nne. Mkono uwe wazi bila shati na uwekwe juu ya meza, usawa wa moyo. Usiongee wakati mkanda unajaa. Nenda haja ndogo kabla, na nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Kibofu kilichojaa na maongezi vinatosha kupandisha namba, na kwa namba hiyo ndipo unaandikiwa dawa.

Pengine watarudia ECG: vibandiko vyenye nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na kama kifua kina nywele nyingi wanaweza kunyoa kidogo ili vishike. Haiingizi umeme mwilini, inasoma tu ule wa moyo wako. Kisha kuna ECHO, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kipimo cha aina ileile wanayopimwa wajawazito. Utavua shati, utalala kwa ubavu wa kushoto, utapakwa jeli ya baridi, na mpimaji atasogeza kifaa katikati ya mbavu huku taa zimepunguzwa ili aone kioo. Wakati mwingine anakandamiza kidogo, lakini hakuna sindano wala mionzi. Hapo wanaona kama misuli ya moyo inasukuma vizuri, kama presha imeshazifanya kuta zake ziwe nene, na kama valvu zinafunga.

Kwa dalili kama zako wanaweza pia kukupandisha kwenye mashine ya kutembea, ukiwa umefungwa nyaya, na kila baada ya dakika chache mwendo na mwinuko vinaongezwa. Nia yao ni kukiona kile kinachokutokea juu ya mzigo, lakini kitokee mbele ya daktari na vifaa vya dharura vikiwa pembeni. Vaa raba na nguo nyepesi, na usinywe kahawa wala kinywaji cha kuongeza nguvu siku hiyo. Uliza mapema kama unatakiwa kufunga kula kwa ajili ya vipimo vya damu, na kama dawa zako za asubuhi unywe au uache, kwa sababu maelekezo hayafanani kwa kila kipimo. Usiache dawa kwa kubahatisha.

Kuhusu kupasuliwa. Sijui mzee wa mtaani kwenu alikuwa na nini, na nadhani hata wanaosimulia hawajui. Ninachojua ni kwamba mishipa ya moyo ikionekana ina shida, hatua inayofuata mara nyingi si kupasua kifua. Mgonjwa anaingizwa kwenye chumba wanachokiita Cathlab, anapigwa ganzi ya sehemu tu, na mrija mwembamba unapitishwa kwenye mshipa wa kifundo cha mkono au wa kwenye kinena hadi moyoni, yeye akiwa macho anaongea. Mshipa ulioziba unaweza kuzibuliwa hapohapo. Ina hatari zake, na una haki ya kuziuliza na kuelezwa kabla hujatia saini. Wapo wanaohitaji upasuaji mkubwa, na wapo wengi wanaorudi nyumbani na dawa peke yake. Zamani Watanzania wengi walilazimika kupelekwa India kwa mambo haya. Tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko Dodoma nayo ina Cathlab. Dodoma ni karibu zaidi kwako kuliko Dar, kwa hiyo kama nauli na muda ni shida, muulize aliyekuandikia rufaa kama inawezekana kuelekezwa huko. Kama una bima, thibitisha kabla ya kusafiri kwamba rufaa yako inakubalika na ni vipimo gani inalipia. Ni jambo linalowarudisha watu mlangoni.

Vidonge vya jirani naomba tuvizungumze kwa utulivu. Alikupa kwa upendo, sina shaka. Lakini dawa ya presha haifanyi kazi kama ya kichwa, ya kunywa ukisikia maumivu. Presha inaweza kuwa juu wiki nzima bila kichwa kugonga. Na aina ni nyingi: zipo zinazovimbisha miguu, zipo zinazoleta kikohozi kikavu, zipo zinazokupeleka haja ndogo kila saa, jambo gumu kwa mtu aliye foleni mizani. Iliyomfaa yeye haikuchaguliwa kwa ajili yako. Diklofenaki nayo hupandisha presha na kulemea figo, na vinywaji vya kuongeza nguvu vinaendesha mapigo ya moyo. Havionekani kama dawa, kwa hiyo mgonjwa havitaji na daktari hapati kujua. Chukua mfuko mmoja, weka kila kitu: pakiti ya jirani, diklofenaki, dawa za tumbo, chupa tupu ya hicho kinywaji, hata mitishamba kama ipo. Uweke mezani kwa daktari.

Na vidonge vya Tunduma viwemo. Nakuomba kwa herufi kubwa ambazo mhariri hatazikubali. Dawa nyingi za kuongeza nguvu za kiume zinafanya kazi kwa kutanua mishipa. Mgonjwa wa kifua kama chako anaweza kupewa dawa ya kuweka chini ya ulimi, ya jamii ya naitreti, ambayo nayo hutanua mishipa. Hizo mbili zikikutana presha inaweza kuporomoka ghafla kiasi cha kuua. Daktari asiyejua kuhusu vidonge vyako anaweza kukuandikia dawa sahihi kabisa ikakudhuru. Vya kununua bila jina la maana vina shida ya ziada, kwamba hata wewe hujui ndani mna nini wala kiasi gani.

Kuna upande mwingine ambao pengine hakuna aliyewahi kukuambia. Kupungua kwa nguvu za kiume kwa mwanaume wa umri wako, mwenye presha, mara nyingi ni habari ya mishipa ya damu. Mishipa ile ni midogo kuliko ya moyo, kwa hiyo inaweza kuonyesha shida mapema. Kwa mtaalamu wa moyo, hilo ni taarifa kama zilivyo taarifa za presha. Hatashangaa. Anaulizwa hayo mara nyingi, na pale wagonjwa wanaponyamaza, wazuri huuliza wenyewe.

Ndiyo maana swali la mke nalitazama tofauti kidogo na ulivyoliweka. Umeliweka kama mambo mawili tu: aje ajue, au asije. Ipo njia ya kati. Aje, akae nawe mapokezi, na ukiingia kwa daktari mwambie nesi kwamba ungependa kuonana na daktari peke yako kwanza. Ni ombi la kawaida na una haki nalo. Baadaye aitwe asikie maelekezo ya dawa na chakula, maana wewe upo barabarani nusu ya mwezi na yeye ndiye anayeijua chumvi ya nyumbani kwenu. Hatari ya njia hii ni kwamba atajiuliza mlizungumza nini. Njia nyingine ni kumwambia mwenyewe kabla ya siku hiyo. Itauma, na pengine atauliza kwa nini umenunua dawa kwa siri badala ya kusema naye. Lakini nikuulize tu: una hakika hajui lolote? Mke anayeng'ang'ania kumsindikiza mumewe kliniki ana macho. Inawezekana ameshajieleza ukimya wako kwa namna yake, na maelezo aliyojipa yakawa mabaya kuliko ukweli. Wewe ndiye unayemjua, mimi simjui.

Tuje kwa tajiri. Hofu yako hapa ina msingi, sitaipuuza. Ila kisa cha mwenzenu hakijakamilika. Alinyang'anywa gari kwa sababu alienda kliniki, au kwa sababu alikaa nje ya kazi muda mrefu bila kuleta karatasi yoyote? Ni vitu viwili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwasilisha cheti cha daktari. Kukosa mkataba wa maandishi hakukufanyi usiwe mfanyakazi. Ofisi ya kazi ya mkoa inaweza kukueleza unavyosimama, na kuuliza kwao si kushtaki. Najua pia kwamba sheria iko kwenye karatasi na wewe uko kwa tajiri, na kwamba mapato yako mengi ni posho za safari ambazo likizo haizilipi. Kwa hiyo unaweza kuchagua kuomba ruhusa ya siku za vipimo tu, kisha useme zaidi ukiwa na majibu mkononi. Au useme sasa, ukitegemea kwamba mmeaminiana miaka mingi, na pengine akakupa njia fupi au gari jepesi kwa muda. La kwanza linakulinda leo, lakini akisikia kwa wengine itakuwa vigumu kumweleza. La pili linakuacha wazi mapema kuliko unavyotaka.

Kusubiri msimu wa mizigo upite ndilo ninaloliogopa, na ningekuwa nakudanganya nikiliweka sawa na mengine. Siogopi kwa ajili yako tu. Kifua kinachobana juu ya turubai kinaweza siku moja kubana kwenye mteremko wa Kitonga, na nyuma yako kuna basi limejaa watu. Badala ya kuuliza kama utasubiri, rudi hospitali wiki hii uwaulize kama tarehe inaweza kusogezwa mbele, na uulize wazi: "Mpaka nionwe, niendeshe au nisiendeshe? Nifunge turubai mwenyewe au anifungie utingo?" Eleza kazi yako kwa vitendo, siyo "dereva" tu. Huenda yule daktari wa kwanza hakujua unapanda juu ya mzigo.

Ukiwa kliniki, andika maswali kwenye karatasi kabla ya kuingia, maana koti jeupe linasahaulisha. Usitoke bila kujua ugonjwa wako unaitwaje, kila kidonge ni cha nini na unakunywa saa ngapi, utarudi lini, na ufanye nini kifua kikibana ukiwa njiani. Uliza pia kama unapaswa kutembea na aspirini, na utumieje. Na lile la ndoa yako uliulize nalo: kuna matibabu yanayoweza kutolewa kwa usalama baada ya moyo kukaguliwa.

Kabla ya siku hiyo kufika, kifua kikibana ukiwa umepumzika, au kikidumu zaidi ya dakika chache tofauti na ulivyozoea, au kikaja na jasho la baridi, kichefuchefu, kukosa pumzi au maumivu ya mkono, usisubiri tarehe ya rufaa. Simamisha gari pembeni, usijipeleke mwenyewe, uende hospitali iliyo karibu usiku huohuo, na kama umekunywa kile kidonge cha Tunduma waambie ulikinywa saa ngapi. Mweleze utingo wako mapema haya yote, na umpe namba ya mkeo. Ndiye aliyeliona jasho la Makambako kabla yako.